Albadiri ya Mheshimiwa Haruna

Ubishi juu ya Mheshimiwa Haruna Chande ulianza siku Hasna aliponyoosha mkono mkutanoni, na mpaka leo wapo wanaosema heri mkono ule angeukalia. Hasna ni mtoto wa kaka yangu. Mimi ni Kuruthumu, shangazi yake, na nimemlea tangu mama yake alipoolewa tena Kasulu. Kwa hiyo msitegemee nisimulie bila kupendelea. Wasiopendelea walishasimulia, na mji mzima ukawasikiliza wao.

Haruna alikuwa diwani wetu huku Ujiji. Kata siitaji, wenyewe tunajijua. Alikuwa mtu wa watu, nani abishe? Ukifiwa, hujamaliza kulia gari lake limeshafika mlangoni. Sanda anatoa, mchele anatoa, turubai analeta. Kisima cha msikitini kachimba yeye. Akipita kwenye baraza ya kahawa alikuwa anawawahi wazee kwa shikamoo hata kabla hawajamwona vizuri. Kwa wanaume wa kwetu mtu wa namna hiyo kasoro hana. Sisi wanawake tulikuwa na habari zetu nyingine, lakini habari hizo zilisemwa tukisukana nywele, na ususi ukiisha nazo zinaisha.

Hasna aliachwa na mumewe akiwa na mtoto mmoja, akaingia kwenye dagaa pamoja nami. Asubuhi tulikwenda Kibirizi, tukanunua dagaa wabichi mitumbwi inaposhusha, tukawaanika kwenye chanja, tukawageuza mpaka wakakauka, ndipo tukarudi Ujiji na viroba vyetu. Kata ilipojenga soko dogo lenye vizimba, Hasna akataka kimoja ili auze karibu na nyumbani. Funguo za vizimba alikuwa nazo diwani mwenyewe. Akamwambia apite ofisini baada ya alasiri, wakati karani ameshaondoka.

Alirudi na ndala moja mguuni. Akakaa jikoni bila kuwasha moto, mtandio wake umechanika begani. Nilimuuliza mara moja tu, akanieleza yote. Haruna alifunga mlango, akamshika, akamwambia kizimba hakitolewi hivi hivi, mkono mtupu haulambwi. Hasna akamng'ata. Ndipo alipopata upenyo wa kukimbia.

Mimi nilitaka kwenda na mchi. Hasna akanizuia. Akasema, "Shangazi, ukimpiga watasema tuna wazimu. Niache nitafute pa kusemea." Tulipeleka malalamiko kunakopelekwa, yakapokelewa, tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri.

Basi Haruna akaitisha mkutano wa hadhara, maana ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Alikuja na plasta kwenye mkono wa kulia. Watu walipompa pole akasema amechomwa na mwiba wa samaki. Samaki wenyewe huletewa mezani wameshakaangwa, lakini hakuna aliyejiuliza alichomwa wapi. Akaeleza habari za soko, akapigiwa makofi, akauliza kama kuna mwenye swali. Hasna akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa," akasema, "pale nilipokung'ata pamepona?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa watani. Halafu akaendelea. Alisema siku, akasema mlango, akasema maneno ya mkono mtupu, na kicheko kikakatika kidogo kidogo mpaka uwanja wote ukawa kimya. Haruna hakukasirika. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyetukanwa na mwanawe, akasema, "Dada yangu, nimekusamehe. Mungu ndiye anayejua." Akapigiwa makofi tena.

Kuanzia siku hiyo mji ukapata kazi. Kwenye kahawa, Mzee Abdulkarimu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ubishi ule. Ni mzee wa msikiti, anaheshimika, sauti yake nzito na hana haraka ya kusema, na akishasema wengine hunywa kahawa zao. Alisema mtu hupimwa kwa matendo. Akayataja matendo: kisima, sanda, turubai. Mwingine akauliza mwanamke aliyeachwa alifuata nini ofisini jioni. Mwingine akasema ametumwa. Kwenye kundi la simu la kata watu walituma sauti ndefu ndefu; wengine hata Hasna hawamjui, wapo Kidahwe huko, lakini tabia yake wanaijua. Redioni wakafungua simu. Mtangazaji akauliza, "Je, kiongozi ahukumiwe kwa maisha yake binafsi au kwa maendeleo aliyoleta?" Nikaizima. Kushikwa kwa mwanangu ndiyo yamekuwa maisha binafsi ya Haruna!

Upande wetu tulikuwa na Yassir. Kijana msomi, anautaka udiwani, shati limepigwa pasi mpaka unaona mistari. Alikuja nyumbani, akakaa mkekani, akaniita mama, akasema atasimama na Hasna mpaka mwisho. Kweli alisimama. Kila alipopata kipaza sauti alisema habari za Hasna, na kila alipomaliza habari za Hasna alisema habari zake mwenyewe. Alichokuwa anakisikia Hasna ni jina lake likipita juu ya gari la matangazo, likifuatwa na muziki.

"Mimi sitaki hata kizimba tena," aliniambia tukigeuza dagaa. "Nataka mtu mmoja anayeheshimika asimame mbele ya watu aseme Hasna hakusema uongo. Basi. Hata wakimchagua tena, wamchague."

Jirani yetu wa chanja pale Kibirizi, Leonia, wazazi wake walivuka kutoka Kongo zamani, alimsikia akatikisa kichwa. "Hautampata, dada. Ninyi watu ya Ujiji munaamini kiapo kuliko macho."

Sijui kama alitutabiria au alitujua tu, maana Ijumaa iliyofuata Haruna akasimama msikitini baada ya sala, akasema maneno yamekuwa mengi na yeye amechoka kuchafuliwa. Anaomba isomwe albadiri. Kama yeye ni mwongo, impate yeye. Kama ni mwanamke, impate mwanamke.

Asiyejua albadiri nitamweleza. Watu wakiibiana au wakisingiziana na ushahidi ukakosekana, walimu hukusanyika, huchoma ubani, husoma majina ya watu wa vita vya Badri, na mwenye hatia hukabidhiwa kwa Mungu. Kwanza hutangazwa, ili mkosaji akiri mapema. Asipokiri, anasubiri. Sisi kwetu mtu anaweza kuiba mbele ya polisi, lakini akisikia albadiri anarudisha usiku uleule. Imamu hakupenda. Alisema mambo haya yana ushahidi wake na mahakama zake, Mungu si wa kutumwa. Wazee wakampita. Mzee Abdulkarimu akasema anayekataa kisomo ana lake jambo.

Mimi nilimwambia Hasna akatae. Akanitazama kama vile nimempiga.

"Nikikataa si ndiyo nimekubali kwamba nilisema uongo?"

"Na ukiugua homa tu je? Malaria ya kila mwaka je?"

"Shangazi, mimi sikusema uongo. Nitaogopa nini?"

Ndiyo makosa yetu watu wa huku. Tunadhani ukiwa mkweli, mji nao utaisoma alama kama ilivyo.

Kisomo kikasomwa. Wanaume mbele, sisi nyuma ya pazia, moshi wa ubani unatukohoza. Haruna akajibu amina kwa sauti ya juu kuliko wote. Hasna alijibu kwa sauti yake ya kawaida, na sauti ya Hasna siku zote ni ndogo. Wanawake wawili waliokuwa karibu yake wakageuka kumtazama, wakanong'onezana. Hata amina yake walishaipima.

Baada ya hapo mji ukakaa kuwachungulia. Hasna akipiga chafya sokoni, wanagusana viwiko. Mtoto wake alipata upele, mwanamke mmoja akaja mpaka nyumbani kutupa pole ili auone vizuri. Haruna naye alitazamwa, lakini kwa jicho jingine, kama unavyomtazama bwana harusi.

Ikampata yeye.

Alikuwa anazungumza na wapiga kura wake huko Rusimbi, katikati ya neno, mdomo ukavutika upande, mkono wa kulia ukaanguka, akakaa chini mwenyewe kama gunia. Kiharusi. Habari ilifika Kibirizi kabla dagaa wetu hawajakauka. Leonia akafanya ishara ya msalaba. Mimi, sitawadanganya, nilifurahi. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Nikasema leo Mzee Abdulkarimu atameza kahawa yake na kikombe.

Tuliporudi Ujiji nilipita makusudi mbele ya baraza. Nikasimama nikatoa salamu. Mzee Abdulkarimu alikuwa anawaeleza wenzake, kwa utulivu wake uleule, kwamba Mheshimiwa alikuwa na presha tangu zamani. Kazi za watu, alisema. Hakuwa analala kwa ajili yetu. Na juu yake zikaja zile fitina za mwanamke, zikampandisha. Wote wakasema kweli, presha. Hakuna hata mmoja aliyeutaja ubani. Jioni msikitini ikasomwa dua ya kumwombea. Kundi la simu likajaa mikono ya kuomba dua na picha yake akiwa amembeba mtoto wa mtu. Wafuasi wake wakachapisha fulana zenye maneno ya kumtakia afya.

"Si walisema impate mwongo?" Hasna aliniuliza. "Si imempata?"

Nikamwambia ale.

Siku chache baadaye, saa za mchana ambapo watu wengi wamejifungia ndani kwa jua, tukabishiwa hodi mlango wa uani. Si wa mbele. Wa uani, ambako hupita wauza mkaa. Nikafungua nikamkuta Mzee Abdulkarimu, kofia mkononi, na nyuma yake Bi Nasma, mke wa Haruna, amejifunika uso. Nikawasalimu, shikamoo ikanitoka kwa mazoea. Wakakaa mkekani. Chai walikataa.

"Mwanangu Hasna," Mzee Abdulkarimu akaanza, "mgonjwa hali yake si nzuri. Hasemi, hali. Madaktari wanafanya yao. Lakini sisi tunajua dunia ina mambo mawili. Kisomo kikisomwa, kinaweza kufunguliwa. Mwenye haki akisamehe, mwenye kosa hupata nafuu. Tumekuja kukuomba umsamehe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Hasna alisikia vizuri sana.

"Mwenye haki ni nani, babu?"

Mzee akatazama chini.

"Nauliza tu. Kwa sababu kahawani unasema ni presha. Presha haifunguliwi na mimi."

"Mwanangu, yale ya barazani ni ya barazani. Mtu ana heshima yake, ana familia, ana chama. Mambo mengine hayaanikwi juani."

"Mimi mlinianika juani," Hasna akasema. "Mkanigeuza na upande wa pili."

Sijawahi kumsikia akisema na mtu mzima hivyo, na Mungu anisamehe, niliona fahari. Hasna akamwambia atasamehe, tena leo leo, hana kinyongo cha kumuua mtu. Lakini Ijumaa, pale pale kisomo kilipoombwa, kwa kipaza kilekile, Mzee Abdulkarimu asimame aseme maneno matatu tu: Hasna hakusema uongo. Akishasema, yeye atakwenda hospitali mwenyewe, amshike mkono Haruna, amwambie yameisha.

Mzee akaigeuza kofia yake mkononi. Niliona akipima. Nilidhani anampima Haruna, uhai wake na jina lake, kipi kizito. Sasa najua alikuwa anajipima mwenyewe, maana akisema vile na yeye atakuwa nani? Hatimaye akasema, "Hilo halitawezekana, mwanangu. Uchaguzi uko karibu. Wewe samehe kwa ajili ya Mungu."

"Kwa ajili ya Mungu nimeshaapa mbele yenu," Hasna akasema. "Mkasema presha."

Wakanyanyuka. Mzee alitangulia. Bi Nasma akabaki nyuma kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Akamshika Hasna kiganja, akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, mimi ule mkono niliuosha mwenyewe. Meno niliyaona. Lakini nina watoto wa kuozesha." Akatoka. Nilimchukia kuliko mumewe, kisha usiku nikamwonea huruma, kisha asubuhi nikamchukia tena.

Walifanya siri safari yao, lakini siri ya wenye aibu huvuja upande mmoja tu. Mjini ikasikika kwamba Hasna ameombwa amsamehe mgonjwa, akakataa. Kwamba wazee wazima walimpigia magoti, yeye akadai apandishwe msikitini atangazwe. Roho mbaya iliyoje! Haruna alipokufa, wiki ileile, wanawake walikuwa tayari na neno lao: kamuua.

Hapo ndipo kichwa kiliniuma. Nilimkamata mmoja wao kisimani, nikamwambia, ewe mama, kaa chini tuhesabiane akili. Kama Haruna kafa kwa presha, Hasna hakuua mtu. Kama kafa kwa albadiri, Hasna hakusema uongo. Chagueni moja. Yule mama akajitwika ndoo yake, akaniambia, "Yote mawili, Kuruthumu. Ni mwongo na ni muuaji." Akaenda zake, hata maji hayakumwagika.

Msibani nilitaka tusiende. Hasna akasema tutakwenda, kwetu asiyekwenda msibani amekiri. Tukavaa, tukaingia, tukakaa na wanawake ukumbini. Waliokuwa kwenye mkeka wetu wakapata ghafla kazi za jikoni, tukabaki wawili. Bi Nasma alikuwa chumbani kwake amekaa eda, hatukumwona. Nje palifurika watu. Magari ya chama, bendera, viongozi kutoka nje ya mkoa. Kila aliyepewa kipaza alieleza tabia ya marehemu. Yassir naye alipewa. Nikasikia sauti yake niliyoizoea kutoka kwenye gari la matangazo, ikisema sasa si wakati wa siasa, marehemu alikuwa kaka yake na mwalimu wake, na yaliyosemwa yalisemwa na wasiomjua. Kiti kilikuwa wazi, na kura za marehemu zilikuwa zimesimama pale juani zinamsikiliza. Hasna alikuwa anachomoa nyuzi za mkeka.

Kisha jeneza likatolewa likawekwa mbele ya baraza, na Mzee Abdulkarimu akachukua kipaza. Ni desturi, kabla maiti hajapelekwa kuswaliwa, wanaobaki huombwa radhi kwa niaba yake, na huulizwa mara tatu.

"Ndugu zangu, marehemu ni binadamu. Aliishi na sisi, alichanganyika na sisi. Kama kuna aliyekosewa naye, tunaomba amsamehe, aende mwepesi. Je, mmemsamehe?"

"Tumemsamehe!" wanaume wakaitika. Dirisha lilitikisika.

"Mmemsamehe?"

"Tumemsamehe!"

Hasna akainua kichwa. "Shangazi," akasema, "wao aliwafanya nini?"

Akasimama. Wanawake wakamwambia kaa, wee, kaa, wanaume wapo. Akawapita. Nikamfuata. Akatokea mlango wa mbele, akasimama kizingitini, mbele ya jeneza na ya wanaume wote wale, mahali ambapo mwanamke hasimami saa ile. Hakupiga kelele. Hakulia. Alisimama tu, mikono imeshuka, akimtazama Mzee Abdulkarimu, akisubiri kuulizwa.

Mzee alikuwa ameshavuta pumzi ya mara ya tatu. Akamwona. Pumzi ikabaki kifuani. Watu wa mbele wakageuka kutazama anachotazama, na uwanja ukaanza kutulia, mstari kwa mstari. Yule ni mtu aliyekaa kwenye mkeka wetu, kofia mkononi, akiomba msamaha kwa mtu mmoja peke yake mwenye nao. Alijua ulipo. Kilichobaki kilikuwa neno moja la kuuliza, na kipaza alikuwa nacho mdomoni.

Akalitazama jeneza. Akakizima kipaza.

"Mbili zinatosha," akawaambia waliokuwa karibu. "Jua kali. Inueni."

Wakainua. Aliyetangulia kuweka bega alikuwa Yassir.